Pombe na Chakula Chake: Historia ya Meza ya Kinywaji mu Lubumbashi

Kuna vijana wa mji wetu wa Lubumbashi wanaofikiri kufungua nyumba za kinywaji za namna mpya. Hawataki baa ya kuuza chupa tu. Wanataka nyumba ambamo pombe inapikwa palepale, wanywaji wakiyaona mapipa kwa macho yao, na jiko liko pembeni. Wakikaa chini na karatasi na kalamu, swali la kwanza ni lile la orodha: tutaweka vinywaji gani, vyakula gani, kwa bei gani? Mara mingi jibu linatafutwa kwa wageni. Wanaandika chips, soseji na pizza, wanaongeza bia tatu zenye majina ya Ulaya, na wanaona kazi imekwisha.

Kwa sisi tunaotunza desturi, hili ni swali la historia pia. Nyumba ambamo pombe inapikwa na kunywewa mahali pamoja siyo jambo geni kwetu. Lupango la mama wa munkoyo ni nyumba ya namna hiyo, na lilikuwako mbele ya baa ya kwanza ya mji. Kitu kipya ni ile orodha ya kuandikwa. Na historia ya mji wetu inaonyesha jambo moja ambalo mwenye kupanga orodha anapaswa kulijua: kila mara mkono mpya ulipoandika ni nini watu watakunywa na kula, kuna watu walioondolewa kwenye moto. Mara mingi watu hao walikuwa wamama. Tuone namna ilivyotokea, kisha tutarudi kwenye karatasi ya hao vijana.

1. Wakati pombe ilikuwa chakula

Mu vijiji vya Katanga, mbele ya reli na migodi, pombe ya nafaka ilihesabiwa pamoja na chakula. Baluba wanaiita malwa, Babemba bwalwa. Ilitengenezwa na ulezi, mtama au mahindi. Nafaka inalowekwa katika maji mpaka inaota, inaanikwa, inasagwa, inapikwa, kisha inaachwa siku kadhaa ichachuke. Ilikuwa kazi ya wanawake tangu mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa pia malipo: mwenye shamba kubwa aliwaita majirani waje kulima pamoja, na jioni mtungi wa bibi yake njo ulikuwa mshahara. Mtu aliyekunywa pombe nzito kama uji siku nzima hakuulizia sana bukari usiku.

Munkoyo iko na njia yake nyingine. Mama anapika uji wa unga wa mahindi, anaacha upoe kidogo, kisha anatia mizizi ya mmea unaoitwa munkoyo, imekwisha kupondwa. Ndani ya mizizi hiyo mna kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari, sawa vile nafaka iliyoota inavyofanya. Nyuma ya muda mfupi ule uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu. Unachujwa, unalala. Munkoyo ya siku ya kwanza ni tamu, watoto wanakunywa. Ya siku ya pili imeanza kuuma ulimi. Ya siku ya tatu ni ya watu wazima. Kwa hiyo mtungi mmoja unatoa vinywaji vitatu, na kila mama wa munkoyo anajua ni mgeni gani anapewa siku gani.

Wazee waliweka pia sheria juu ya namna ya kula na kunywa. Mu masimulizi ya Baluba juu ya mwanzo wa ufalme wao, Nkongolo Mwamba alikuwa mfalme anayekula na kunywa mbele ya watu wote bila haya. Akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, ambaye alikataa kula mbele ya macho ya watu, mpaka akafanyiwa uzio wake. Mtoto wake, Kalala Ilunga, njo aliyemshinda Nkongolo, na tangu pale mfalme wa Baluba alikula na kunywa kwa siri. Mtaalamu wa Ubelgiji Luc de Heusch aliandika kitabu kikubwa juu ya masimulizi hayo mu mwaka 1972 na akakiita Le roi ivre, maana yake mfalme mlevi. Kwetu fundisho ni hili: mbele ya kuuliza ni nini tutakunywa, wazee walikwisha kuuliza ni nani anakunywa, na nani, na mbele ya nani.

2. Mji wa reli na posho

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mu 1910 reli iliyotoka kusini ilifika, na mji wa Elisabethville ukaanza, ule ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Wanaume waliletwa kutoka pande zote kufanya kazi. Walikuja bila wamama wao, bila mashamba, bila mitungi. Kumpanyi njo iliandika orodha ya chakula chao: unga, maharagwe, nyama au samaki wakavu, mafuta, chumvi. Chakula hicho kiligawanywa kwa kipimo na kikaitwa posho. Tunaweza kusema kwamba kwa wakubwa wetu wengi orodha ya kwanza ya chakula iliyoandikwa kwa wino ilikuwa ile ya posho. Waliokula hawakuulizwa.

Mwisho wa miaka ya 1920 kumpanyi ilibadilisha siasa yake. Iliona kwamba mfanyakazi mwenye bibi na watoto kambini anakaa kazini miaka mingi, haendi na kurudi. Wamama wakaingia mu makambi, na pamoja nao ujuzi wa mtungi. Lakini mu kambi hawakuruhusiwa kupika pombe kama walivyotaka, kwa sababu wakubwa wa kazi waliogopa ulevi wa Jumatatu. Wengi walipeleka ujuzi ule mu cité, kule Kamalondo, ambayo zamani iliitwa cité Albert, na mu mitaa iliyofuata.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria zake juu ya kinywaji. Mapatano ya Brussels ya 1890, kisha yale ya Saint-Germain-en-Laye ya 1919, yalifunga njia ya pombe kali kwa Waafrika. Mu Kongo ya Wabelgiji ubaguzi ule uliendelea mpaka miaka ya 1950: mzungu alikunywa divai na wiski, mtu mweusi hapana. Bia ya chupa ilikuwa njia iliyoachwa wazi. Mu miaka ya 1920 viwanda vya bia vilianza, kimoja kule Léopoldville, kingine hapa kwetu Elisabethville. Kutoka kiwanda cha hapa tulipata Simba, na nyuma yake Tembo, bia nyeusi yenye picha ya ndovu. Watu wa pwani ya Tanzania na Kenya wakisikia jina hilo wanacheka, kwa sababu kwao tembo ni mnyama, lakini ni pia pombe ya mnazi. Kwetu Katanga maana ile ya pili haikufika pamoja na lugha. Ilifika mu chupa.

Angalia kilichotokea pale. Bia ya kiwanda ilipewa leseni, gari na matangazo. Pombe ya mtungi ilipewa polisi. Shayiri na hopi, lile ua chungu linalotia bia ukali wake, vilisafirishwa kutoka mbali. Mahindi, mtama na mizizi ya munkoyo vilikuwa hapa, lakini mwenye kuvifahamu alipaswa kujificha. Na kujificha kulizaa kitu kibaya: lutuku, ambayo kwa jirani zetu wa Zambia inaitwa kachasu, neno lililotoka kwa Wareno. Pombe ya kuchemshwa na kupitishwa mu bomba inachukua nafasi ndogo, haiharibiki, inafichika chini ya kitanda. Mtungi mkubwa wa munkoyo haufichiki.

Kulikuwa na orodha ya tatu tena, ile ya nyumba ya mzungu. Wapishi na maboyi walijifunza supu, sosi, nyama ya kuchoma ndani ya furu na keki. Historia yao iliandikwa mu 1965 na André Yav, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kwa jina la chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Kitabu kile kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, na kinaeleza mji jinsi ulivyoonekana kutoka upande wa jikoni. Wapishi wale njo walipeleka vitunguu vya kukaangwa, mayonezi na saladi mu cité. Kwa hiyo tukisema "chakula cha kwetu" na "chakula cha kizungu", tukumbuke kwamba mikono iliyopika vyote ilikuwa ile ile.

3. Samaki aliyekwisha

Mji uliokunywa ulitaka pia kitoweo. Upande wa mashariki, mu Kasenga kwenye mto Luapula, wafanyabiashara Wagiriki walijenga biashara kubwa ya samaki. Waliweka mashua, barafu na malori, na samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru wakalisha Elisabethville na makambi ya migodi. Kati ya samaki wote, mmoja alipendwa kupita wengine: pumbu. Kila mwaka mvua ikifika, pumbu walipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Wavuvi wa zamani walijua siku zao na walikuwa na wakubwa wa mto waliopanga wakati wa kuvua. Nyavu mpya na bei ya mji zilivunja mpango ule. Pumbu alikamatwa palepale njiani, tumbo limejaa mayai, na mayai yenyewe yakauzwa. Karibu na 1950 pumbu alikuwa amekwisha kabisa kwa biashara.

Tunalisimulia hili kwa sababu linahusu kila mtu anayeandika orodha ya chakula. Mtu wa mji anaandika neno moja kwenye karatasi, na kilometa 200 kutoka pale mto unabadilika. Leo hatari ile ile iko juu ya kikanda, ile mikate ya viazi vya maua ya mbugani ambavyo vinapondwa pamoja na karanga na kupikwa mpaka vinashikana. Wamama wanaikata vipande na kuiuza barabarani, na inapendeza sana pamoja na kinywaji. Lakini mwenye kuchimba kiazi anaua mmea mzima. Mbuga za karibu zikakwisha. Soko la Zambia lilifika kuchukua viazi hivyo mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kule Kitulo, ambako serikali ilifanya hifadhi ya taifa mu 2005, ili kulinda mimea hiyo pamoja na mingine.

4. Lupango la baa: meza ya watu wengi

Nyuma ya uhuru, baa za Lubumbashi zilipata desturi yao, ambayo mgeni hawezi kuiona upesi. Mwenye baa anauza kinywaji tu. Ana kazie zake za chupa, friji, viti na muziki. Chakula siyo chake. Mlangoni kuna mwanaume wa michopo: anakata nyama ya mbuzi vipande, anachoma juu ya makala, anatia chumvi, pilipili na kitunguu, anafunga mu karatasi ya kaki. Anakulipisha kwa uzito, na ukitaka bukari anamwita mama wa upande wa pili. Kijana anapita na mayai ya kuchemsha na chumvi mu kipande cha gazeti. Mama mwingine ameketi na karanga, na mu wakati wake finkubala, wale viwavi wakavu ambao wakikaangwa na nyanya hakuna mtu anayeuliza tena habari ya soseji. Mwingine ana kapenta. Kwa hiyo mu lupango moja kuna wafanyabiashara watano au sita, na orodha ya chakula inatembea kwa miguu yake yenyewe katikati ya viti.

Mu miaka ya 1970 neno nganda lilitufikia kutoka Kinshasa, pamoja na mama mwenye nyumba anayeuza bia na anayepika pia. Pale mama alirudi kuwa bwana wa moto, hata kama bia haikuwa yake. Jirani zetu wa Zambia walipata njia nyingine: mu miaka ya 1950, kule Kitwe, pombe nzito ya nafaka iliingia kiwandani na ikaitwa Chibuku. Inauzwa mpaka leo. Ni mfano mzuri wa kuonyesha kwamba pombe ya mtungi inaweza kupata leseni. Ni mfano pia wa kuonyesha kwamba, leseni ikifika, mama wa mtungi anaweza kubaki inje ya mlango.

Kisha mambo yalianguka. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mu Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mu 1991 miji iliporwa. Kufika 1993 na 1994, shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikakawia miezi, kisha ikakosekana. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka mu mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kama mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, waliandika vizuri namna baba aliyezoea kulisha alivyonyamaza nyumbani, na mama akashika kazi ya kutafuta chakula. Mama alitafuta kwa njia gani? Kwa mikate, kwa makala, kwa mboga, na kwa mtungi. Watoto wengi wa mji huu ambao leo ni walimu, wanasheria na waganga walilipiwa masomo na munkoyo. Wengine, tuseme kweli, walilipiwa na lutuku. Na katikati ya wale vijana wanaotaka kufungua nyumba mpya za kinywaji, hawatakosa wenye kulelewa na feza ile.

5. Sasa, kupanga orodha

Tuwarudie hao vijana na karatasi yao. Wahesabu kwanza watu, mbele ya sahani. Waandike upande mmoja kila kitu wanachotaka kuuza, na upande wa pili jina la mtu anayekifahamu zaidi mu mtaa ule. Mahali ambapo jina la mama wa jirani linatokea, wasiajiri mpishi wa kumwigiza. Wanunue kwake.

Vinywaji vyenyewe vinalazimisha njia hiyo. Bia ya shayiri, ikipikwa vizuri, inahitaji karibu wiki mbili kama ni ya namna nyepesi kutengeneza, na ile inayochachuka polepole mu baridi inachukua mwezi mmoja au zaidi. Mwenye mapipa mawili au matatu atafika siku ambayo yote bado hayajakomaa. Munkoyo inakuwa tayari kesho. Kwa hiyo siyo kitu cha kuwekwa chini ya orodha kwa ajili ya watalii. Njo inayoshika nyumba wakati mapipa yanangoja. Iwekwe kwa siku zake tatu, kila siku na bei yake: ya kwanza kwa watoto, wachungaji, madereva na wale wasiokunywa pombe, ya pili kwa mchana, ya tatu kwa jioni. Kwa sababu haikai, isipikwe mingi. Mama wa munkoyo anajua kupima mtungi kulingana na siku ya mshahara, mazishi na mechi ya mpira. Hesabu ile haipatikani mu kitabu chochote.

Bia za nyumba zisipite tatu mwanzoni: moja nyepesi kwa jua la Oktoba, moja nyeusi kwa watu waliozoea Tembo, na moja ya mtama au ulezi, kusudi ulimi ukumbuke malwa. Lutuku isiingie, hata kama mnywaji anaiomba. Mpikaji wake hana namna ya kujua ukali wa anachotoa, na mara mingine inatoka sumu inayoharibu macho. Kumheshimu mama aliyelea watoto kwa lutuku ni kumpa leo kazi nyingine kwenye moto ule ule.

Upande wa chakula, desturi ya lupango ni bora kuliko jiko kubwa. Jiko kamili linakula feza kila siku, hata siku wateja hawapo. Mwanaume wa michopo analeta mbuzi wake, makala yake na wateja wake. Apewe mahali penye kivuli, maji ya kunawa, na mapatano ya kuandikwa juu ya usafi na bei. Mama wa karanga na mama wa bukari vilevile. Nyumba ibaki na vitu vichache vinavyotaka furu au friji: mikate ya moto, samaki wa siku ile, saladi. Vyakula vya chumvi viuzwe kwa kipimo kidogo, kwa sababu vinaita kinywaji. Bukari na sombe vipatikane mbele ya saa mbili za usiku, kwa sababu mtu aliyekula vizuri anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Orodha ifuate pia mwaka wa Katanga. Mvua ikianza, kuna inswa, kisha uyoga, kisha viwavi. Kiangazi ni wakati wa samaki wakavu, karanga na viazi vitamu vya kuchoma. Kitu kisipokuwako, kifutwe, na mtu asichukue gari kukitafuta mpaka Kitulo. Kikanda iwe ya siku chache tu, mpaka tutakapopata watu wa kupanda mmea ule, siyo kuuchimba tu. Wajukuu wa wavuvi wa Kasenga wanajua pumbu kwa jina. Tusiwaachie watoto wetu kikanda kwa jina.

Wengine watajibu kwamba biashara siyo huruma. Ni kweli. Mwenye nyumba analipa patenti, umeme unaokatika, jenereta na wakaguzi, na anataka kila kitu kilichouzwa ndani ya uzio kiwe chake. Lakini afanye hesabu vizuri. Wafanyabiashara watano wa lupango ni midomo mitano inayotangaza nyumba yake mu mitaa mitano. Wakifukuzwa watakaa barabarani inje ya uzio, watauza kwa bei ya chini, na wateja watatoka kwenda kula kwao. Tulikwisha kuona hayo mbele ya baa kubwa za katikati ya mji, zenye orodha za ngozi na meza tupu.

Wengine watasema tena kwamba munkoyo ni kitu cha kijijini, kwamba mtu aliyesoma ataona haya kuinywa mbele ya wenzake. Haya ile ina umri wake na asili yake. Ilianza siku chupa ilipopewa leseni na mtungi ukapewa polisi. Haikutoka kwa wazee wetu, ambao waliona haya juu ya namna ya kunywa, hawakuona haya juu ya kitu walichokunywa. Mu glasi safi, baridi, na jina la aliyeipika limeandikwa kwenye ubao, munkoyo haiombi msamaha kwa bia yoyote.

Tunawaomba basi wale wanaojenga, na hata wasomaji wetu watakaokuwa wateja wao, wafanye jambo moja dogo. Mbele ya kupeleka orodha kwa mwenye mashine ya kuchapa, waende Kenya, Katuba au Ruashi siku ya Jumamosi asubuhi, wakae kwa mama wa munkoyo, waonje ya siku ya kwanza na ya siku ya pili, na wamuulize: mama, kwa wiki unaweza kutupatia mitungi mingapi, na kwa bei gani? Jibu lake waliandike kwenye mstari wa kwanza wa karatasi. Bia, chips na vitu vingine vitapata nafasi yao chini.